Bosi ananihurumia mpaka nakosa cheo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini. Nilipata polio nikiwa na miaka mitatu. Mguu wa kushoto ulipooza, wa kulia ukabaki na nguvu ya kunisimamisha, kwa hiyo natembea kwa magongo mawili. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko kwenye kampuni inayohifadhi korosho. Niliingia kama kibarua wa msimu wa kukata sampuli, nikapata ajira ya kudumu, na leo ni karani wa ghala. Wafanyakazi wa kudumu tuko kama sitini. Msimu ukifunguliwa, vibarua hawana hesabu.

Kwanza niseme ukweli: kazini wananipenda. Bosi wangu ni mtu mwenye imani. Mvua ikinyesha anamwambia dereva anirudishe nyumbani. Ijumaa ananiruhusu niondoke saa tisa. Mwezi wa Ramadhani ananiletea tende na mchele. Nilipofiwa na mama, walikuja wote kwa lori la kampuni mpaka Tandahimba kuzika. Ndiyo maana barua hii naiandika kwa aibu.

Wiki mbili zilizopita ilitoka nafasi ya msimamizi msaidizi wa ghala. Akapewa kijana aliyekuja misimu mitatu tu nyuma. Huyo kijana nimemfundisha mimi, Shangazi. Nimemfundisha kushika kisu cha kukatia, kutenganisha punje nzuri, zenye madoa, changa na zilizooza, kupima unyevu, kujua huu mzigo ni daraja la kwanza au la pili, mpaka kuijaza stakabadhi isirudishwe. Mpaka leo mambo yakimkaba anakuja mezani kwangu.

Siku ya kutangazwa, bosi aliniita pembeni akaniambia, "Mama, wewe nilikufikiria, ila ile kazi ina kupanda na kushuka, nikasema nisikutese." Nikamwambia asante. Shangazi, nilisema asante! Nikatamani kwenda chooni nikalie huko, ndipo nikakumbuka kwamba hata chooni siendi.

Choo chetu kiko nyuma ya ghala. Unapita kokoto kama mita sitini, unapanda ngazi tatu zisizo na mahali pa kushika, ndani ni vigae vilivyolowa muda wote na tundu la kuchuchumaa. Nimeanguka mara mbili. Mara ya pili kiwiko kilichanika, nikawaambia nimeanguka nyumbani, sikutaka mtu aseme huyu sasa amekuwa mzigo. Toka hapo nikiwa kazini sinywi maji. Chai nusu kikombe alfajiri, basi, mpaka nirudi nyumbani jioni. Mwaka huu nimetibiwa UTI mara nne. Daktari ananiuliza kama nakunywa maji, namjibu nakunywa.

Kingine ni uchovu. Tangu mwaka jana mguu wa kulia, ule niliokuwa nauita mzima, unaishiwa nguvu ikifika saa saba. Mabega yanawaka usiku. Wenzangu wanasema ni uzee, na mmoja alisema kwa utani kwamba ni uvivu wa ofisini.

Halafu kuna la 2021. Nilipigiwa simu nikaulizwa kama nitaenda kozi ya wiki tatu Dodoma, ya usimamizi wa maghala. Nikakataa. Sababu sikuisema. Unalijua basi la kwenda Dar: linasimama porini watu wakachimbe dawa. Mimi na magongo nikachimbe dawa wapi? Tangu siku ile bosi ana jibu lake: "Si ulikataa mwenyewe." Hawajaniuliza tena.

Dada mmoja wa uhasibu ananishauri nichukue zile hela za mkopo wa halmashauri, asilimia mbili zinazotengwa kwa wenye ulemavu, nifungue genge niachane na hizi tabu. Anaona ananisaidia.

Nilalamike, au ninyamaze? Sitaki kuitwa fadhila ya punda kwa watu walionizikia mama. Na huyu kijana nikae naye vipi? Kosa si lake.

Mwenye Magongo, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu. Pole na hongera, vyote viwili kwa pamoja.

Naanza na maji, cheo kitasubiri aya chache. Mtu anayefanya kazi kwenye ghala la korosho Mtwara, Novemba, bati limeshika moto tangu saa nne, kisha akae muda wa saa kumi na mbili kwa nusu kikombe cha chai, huyo anaumwa hata kabla hajaumwa. Mkojo unaokaa sana kwenye kibofu unawapa vijidudu muda wa kuzaana, na mwili usio na maji hauna cha kuwasukumia nje. Ndiyo maana unameza dozi, unapona, na baada ya majuma machache umerudi palepale. Hakuna dawa itakayomaliza UTI ya mtu anayeogopa choo. Na maambukizi yakizoea kurudi yanaweza kupanda mpaka kwenye figo. Kwa hiyo rudi kwa daktari wako umwambie ukweli wote: sinywi maji kwa sababu hii. Mwombe aiandike sababu hiyo kwenye cheti chako. Karatasi hiyo utaihitaji baadaye.

Ukishaliona hivyo, utaona kwamba choo ni kifaa chako cha kazi sawa na mizani. Mizani ikiharibika unapiga kelele siku hiyohiyo na fundi anaitwa. Choo kimekushinda miaka mingapi na hujamwambia mtu? Hapo nakulaumu kidogo, na nitakulaumu tena.

Nakulaumu kwa kile kiwiko. Uliteleza ukiwa kazini, saa za kazi, kwenye choo cha mwajiri. Hiyo ni ajali ya kazini. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, wewe hukatwi hata shilingi, na kazi yake ni kulipia matibabu ya aliyeumia kazini, fidia akibaki na ulemavu, na utengamao wa kumrudisha kazini. Uliposema umeanguka nyumbani uliwasamehe watu wote isipokuwa kiwiko chako. Na kuna hasara nyingine: kwenye kumbukumbu za kampuni, choo kile hakijawahi kumwangusha mtu. Sasa fundi aitwe kwa sababu gani? Ukianguka tena (Mungu aepushe) toa taarifa siku hiyohiyo, kwa maandishi, na mtaje aliyekuokota.

Hayo mabega na mguu wa kulia usikubali yapite kwa jina la uzee. Ipo hali inayowapata watu waliougua polio utotoni. Inakuja miaka 15 mpaka 40 baada ya ugonjwa wenyewe: misuli iliyokuwa imepona inaanza kudhoofika upya, uchovu unakuja wa kuangusha, viungo vinauma. Virusi havijarudi na humwambukizi mtu. Inavyoelezwa, zile neva zilizosalimika utotoni zilibeba kazi ya zilizokufa, zimebeba miaka na miaka, na sasa zinachoka. Mguu wako "mzima" umefanya kazi ya miguu miwili kwa miaka 38. Simaanishi kwamba lazima ndiyo hiyo uliyonayo. Upungufu wa damu unachosha, tezi ya shingo inachosha, na UTI nne kwa mwaka zinachosha pia. Nenda hospitali ya Ligula, au ile ya kanda kule Mitengo, mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba uliugua polio na udhaifu huu ni mpya, kisha uombe kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Usiondoke na dawa ya maumivu peke yake.

Ukifika kwa huyo mtaalamu, mpe na magongo ayatazame. Kama ni yale ya kwapani, yanatakiwa yaishie vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Ukiliegemea gongo kwa kwapa unabana neva, mikono inakufa ganzi. Na raba za chini zigeuze sasa hivi uzitazame. Zikiwa laini kama kisigino cha ndala ya zamani, nusu ya ile ajali ya chooni ilisababishwa na hizo.

Mtu mwenye uchovu wa aina hii hapewi mazoezi ya kujikaza mpaka aanguke. Anapangiwa nguvu zake kama hela za mshahara: asubuhi kazi ya kusimama, mchana ya kukaa, katikati kupumzika dakika kumi kabla mguu haujaomba. Hiyo ruhusa ya Ijumaa saa tisa ni nzuri, ila kwa afya yako, vipumziko vifupi vya kila siku vingekufaa zaidi ya saa mbili za mwisho wa wiki. Bosi hajui hilo. Angelijuaje?

Sasa tuje kwa bosi.

Nakuamini ukisema ni mtu mwema. Ningekuwa natafuta mtu mbaya kwenye barua yako nisingempata, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana mbaya tunajua kupambana naye. Nami sina haki ya kumsema sana. Nilikaa ofisi za utumishi miaka ishirini na ushee. Tulikuwa na kijana kiziwi masijala, hodari, anasoma midomo ukiongea polepole. Ikaja semina Masasi. Nikalipitia orodha, nikafika kwenye jina lake, nikalikata kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyeniagiza. Nilidhani namwondolea adha. Aliponijia nikamwandikia kwenye karatasi: "Hutasikia chochote kule." Akaichukua kalamu mkononi mwangu akaandika chini yake: "Nisiposikia si nitasoma?" Semina yenyewe ilikuwa ya kupanga majalada. Majalada hayasemi! Ile karatasi niliichana, lakini maandishi yake nayaona mpaka leo, herufi kubwa zilizolala kulia.

Kosa langu ndilo kosa la bosi wako: tulimwamulia mtu bila kumuuliza, kisha tukaliita huruma. Angekuuliza, "Mama, kazi hii ina kupanda ngazi za ghala mara nne kwa siku, tutafanyaje?" ungemjibu. Pengine ungesema kijana wa zamu apande kuhesabu magunia, wewe ubaki chini na sampuli, stakabadhi na kompyuta. Na siku hizi minada ya korosho ikiwa imehamia kwenye mfumo wa kompyuta wa TMX, soko la bidhaa, sehemu kubwa ya kichwa cha msimamizi iko kwenye skrini kuliko kwenye ngazi. Pengine ungemwambia kweli siiwezi. Lakini jibu lingekuwa lako.

Kwa hiyo usiende kulalamika, na kunyamaza usinyamaze. Nenda ukaombe vitu vyenye majina. Tende na lori la msiba ni fadhila, zishukuru mpaka kesho. Mafunzo na choo ni masharti ya kazi, havimo kwenye kapu hilo. Anayeomba cha kwenye mkataba hajamrushia mtu teke la punda.

Sheria inasema nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na ulemavu umetajwa wazi. Tena imefafanua ubaguzi unaweza kukaa wapi: kwenye ajira na mishahara, ndiyo, lakini pia kwenye mazingira na vifaa vya kazi, kwenye mafunzo na maendeleo ya mfanyakazi, kwenye kupandishwa cheo. Isome tena hiyo orodha. Choo chako kimo, Dodoma yako imo, na nafasi ya kijana imo. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa watu sitini hiyo ni moja na nukta nane, yaani wawili, kwa kuwa mtu hakatwi vipande. Sitashangaa nikisikia wewe ndiye unayehesabiwa kila mkaguzi akija. Ila asilimia tatu inakuingiza getini tu. Haisemi utakaa wapi baada ya miaka kumi na moja.

Usiende na vifungu mdomoni, lakini. Siku ya kwanza mtu mwema ukimtupia kifungu, anageuka mwenye kesi. Vifungu vikae kwenye pochi.

Andika barua. Najua mtakuwa mmezoea kuongea, na utaona aibu kumwandikia mtu unayemsalimia kila asubuhi. Andika hivyohivyo, kwa sababu maneno ya mdomo yaliyosemwa kwa mtu mwenye huruma yanarudi yakiwa huruma nyingine: atakwambia basi mama, leo nenda nyumbani mapema. Barua inaingia kwenye jalada na inataka kujibiwa. Kitu kama hiki:

"YAH: MAOMBI YA MAREKEBISHO YA MAZINGIRA YA KAZI NA NAFASI YA MAFUNZO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nashukuru kwa ushirikiano ninaoupata kazini. Naomba, kwa kuanzia, choo kimoja kirekebishwe ili nikitumie bila kuanguka, kama nilivyoanguka mara mbili (nimeambatanisha maelezo na cheti cha daktari). Pili, naomba kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo ya usimamizi wa maghala, pamoja na utaratibu wa usafiri unaonifaa. Mwaka 2021 nilishindwa kwenda kwa sababu ya usafiri, siyo kwa kukosa nia. Tatu, naomba kuelezwa kwa maandishi vigezo vya nafasi ya msimamizi msaidizi, na kazi ya kufundisha wapya ninayoifanya kila msimu iingizwe kwenye maelezo ya kazi yangu. Naomba kukutana nawe kabla ya tarehe fulani."

Tarehe fulani iweke kweli. Toa nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kwenye kikao hicho, usiseme "choo kibaya." Nenda na vipimo, kama unavyoenda na sampuli. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45. Njia ya mteremko isiyomchosha mtu inataka urefu mara kumi na mbili ya kimo, kwa hiyo mita tano na nusu hivi, na chuma cha kushika pembeni. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, gongo na mwili vipite pamoja. Ndani kiwekwe choo cha kukalia, vyuma viwili ukutani na sakafu ya saruji iliyochanwa badala ya vile vigae. Zile kokoto zimwagiwe njia ya zege ya upana wa mita moja na nusu. Fundi wa kawaida wa Magomeni anaimaliza kazi hiyo, na siku bosi mwenyewe akiteguka mguu ataitumia kabla yako. Wakichelewa, waombe kwanza kitu cha haraka: chumba kidogo karibu na ofisi yako na kiti cha choo cha kuhamishika. Si heshima kamili, nakubali. Lakini maji utakunywa.

Kuhusu 2021. Ulichokikataa ni basi. Kozi yenyewe hukuikataa, ila kwenye simu hukulitenganisha hilo, na mwenzako akaandika alichosikia. Hapo ndipo lawama yangu nyingine. Mtu asiyewahi kutembea na magongo haifikirii habari ya kuchimba dawa, hata awe na moyo wa dhahabu. Mwambie. Mwambie kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, hayana aibu. Kisha mpe njia: ndege ya Mtwara kwenda Dar ni kama saa moja, na kutoka Dar kwenda Dodoma tangu 2024 kuna treni ya SGR, na choo kimo ndani ya behewa. Ni ghali kuliko basi, sawa. Ailinganishe na gharama ya karani anayeumwa mara nne kwa mwaka katikati ya msimu. Na si lazima kila kitu kiwe Dodoma. Hapahapa Mtwara kuna tawi la Taasisi ya Uhasibu, TIA, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake. Uliza kozi za ugavi na za hesabu za stoo, za jioni au za masafa. Muombe mwajiri alipe ada, au akupe muda. Ukipata kimoja kati ya hivyo chukua.

Nafasi ya kijana haitarudishwa, nakwambia mapema usije ukajipa matumaini. Unachoweza kukipata ni inayofuata, na njia yake ni kwamba vigezo viwe vimeandikwa kabla haijatangazwa.

Kama jibu halitakuja, au likaja la kukuona mkorofi, hapo ndipo pochi inafunguliwa. Kama mna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, ghalani, jiunge leo kama hujajiunga, na umpe katibu wa tawi nakala ya barua. Watu wa CHAWATA, chama cha wenye ulemavu wa viungo, na shirikisho lao SHIVYAWATA wanazijua kesi za namna hii kuliko mimi. Mwisho wa njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Na huko kuna kalenda: mgogoro wa ubaguzi unapelekwa ndani ya siku 60, na wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Wiki mbili za hizo sitini umeshazitumia kwa kusema asante. Sikutishi, na kwenda CMA nadhani hutafika, lakini usiipe barua yako muda wa kulala droo mpaka siku ya sitini na moja.

Dada wa uhasibu mjibu kwa upole kwamba zile asilimia mbili ni za anayetaka biashara, na wewe kazi unayo. Huwa inanikera, hii tabia ya kumwona mtu mwenye gongo na kumfikiria genge la nyanya. Mwenye miguu miwili akikosa cheo tunamwambia aende shule.

Kijana umeshasema kosa si lake, basi shikilia hapohapo, mpongeze na yaishe. Akija mezani kwako na stakabadhi imemshinda, mfundishe kama siku zote. Ila akimaliza mwambie aandike kwenye daftari la zamu: tarehe, saa, alichofundishwa, na nani kamfundisha, kisha atie saini. Fanyeni hivyo mwezi mmoja. Siku ya kikao na bosi, ingia na hilo daftari kwapani.

Shangazi